Nani Atamkosha Bi Sichana

Kikwajuni, 9 Novemba 2023

Mdogo wangu Rahila,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima wewe na mwanao Ummukulthum, na huyo mjukuu wako ambaye nimemwona kwenye picha tu. Ana paji la uso la marehemu baba, masikini mtoto wa watu. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Anuar bado yuko kwenye hoteli yake Kendwa. Akija siku ya mapumziko huja na mfuko wa nguo chafu, utadhani Kendwa hakuna maji. Mkewe Shahida ananitunza vizuri, ila chumvi anaitia kwa vidole viwili, kwa sababu amesikia redioni kwamba chumvi ni mbaya kwa wazee.

Barua nimempa Muhiddin wa duka la vitambaa, anakuja Maskati kununua mali. Najua utauliza kwa nini nisikupigie simu. Masikio yangu yameshakufa yote mawili, unalijua hilo. Na ukinitumia maandishi kwenye simu, wa kwanza kuyasoma ni Shahida, kisha watoto wa jirani, kisha ndiyo mimi. Barua naisoma mwenyewe, mlango nimeufunga.

Kazi ya kukosha maiti nimeiacha. Usishtuke. Tangu Mfunguo Nne, miezi minne sasa, watu wakija kuniita nawaambia magoti yananiuma, siwezi kusimama ufuoni, pale anapokoshewa maiti. Anakwenda mwenzangu Mwanapili badala yangu. Anakosha vizuri, ila mdomo wake hauna mlango. Watu wa mtaa wanasema Bi Sichana siku hizi anajiona. Nimewaacha waseme.

Nijibu jambo moja tu. Utaweza kuja lini? Si kwa harusi wala kwa matanga ya mtu. Nina haja na wewe mwenyewe.

Dada yako,
Sichana


Maskati, 3 Desemba 2023

Dada yangu Sichana,

Shikamoo. Wa alaykum salaam. Barua yako ilikaa kwenye mfuko wa koti la Muhiddin mpaka mkewe alipolifua, ndiyo maana nachelewa kujibu. Sisi wazima. Mtoto ameota meno ya mbele na anamuuma kila mtu. Ummukulthum amerudi kazini, na mtoto hashiki chupa mpaka nimpakate mimi, kwa hiyo hata kwenda sokoni imekuwa safari. Baridi imeanza, napata usingizi.

Nimekuletea mafuta ya kuchulia magoti na halua ya Shahida. Mwambie asile peke yake.

Dada, Anuar amenipigia simu. Anasema umekonda. Anasema umehamisha godoro lako ukaliweka chumba cha uani karibu na choo, na ukiingia humo chooni hutoki, na ukitoka unafukiza udi hata asubuhi wakati hakuna mgeni. Mtu anayeumwa magoti hafukizi udi. Una nini?

Kuhusu kuja, nitakuja, Inshaallah, mtoto akikua kidogo. Tutazungumza.

Mdogo wako,
Rahila


Kikwajuni, 11 Januari 2024

Rahila,

Marahaba. Halua imefika nusu, nusu nyingine sijui imeteremkia uwanja gani wa ndege. Kesho ni Mapinduzi, tangu asubuhi wanafagia barabara za Michenzani. Shahida ana mimba, lakini hajaniambia. Anatapika nyuma ya banda la kuku anadhani sioni. Nami nimemwachia siri yake, kwa kuwa nina yangu.

Umeniuliza nina nini. Nakuandikia kwa kuwa mimi na wewe tumbo moja, na ukishasoma uichome.

Ilianza kwa damu kwenye mkojo, kidogo, kama maji yaliyooshewa nyama. Ikaja ikakoma, nikasema ni joto. Halafu likaja jambo ambalo sijapata kulisikia kwa mtu. Mkojo ukawa unatoka na upepo. Nikichuchumaa unatoka mapovu, na baada ya wiki kadhaa ukawa unatoka na uchafu, na harufu ya haja kubwa. Niliona haya hata peke yangu.

Jambo la kwanza lililonijia akilini halikuwa hospitali. Lilikuwa udhu wangu. Upepo ukitokea mbele unautengua? Na mimi mkosha maiti, nitaingiaje ufuoni kumtoharisha mwenzangu nami nina shaka na tohara yangu? Nikaenda kwa sheikh wa msikiti wetu nikamuuliza kwa niaba ya bibi mmoja ninayemjua. Akanijibu kwa upole, tena ameniandikia kwenye karatasi kwa sababu ya uziwi wangu: huyo bibi ni mwenye udhuru, ajisafishe, ajifunge kitambaa, atie udhu kila sala ikiingia, asali bila ya wasiwasi. Nilirudi nyumbani nimefurahi, Rahila. Hukumu ya sala nimeipata, nikaona na maradhi nayo yamekwisha. Miezi yote ile nimekaa na jibu langu, nafua vitambaa na kufukiza udi. Sheikh hana kosa. Alijibu alichoulizwa, na hakuna aliyemwambia kwamba yule bibi anaumwa.

Mwezi uliopita nilianguka uani, homa imenishika mpaka sijui niko wapi. Anuar akanibeba mpaka hospitali. Daktari ni binti wa Kihindi wa hapa hapa mjini, anaitwa Marziya, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Shahida. Naye aliniandikia kila kitu kwenye karatasi. Ni saratani ya kibofu. Imekula ukuta wa kibofu mpaka ikaingia kwenye utumbo, sasa kuna njia baina ya viwili hivyo ambayo Mungu hakuiweka. Saratani ya kibofu wanaiona, anasema, lakini hii ya kuvuka mpaka utumboni ni nadra, na kwa wanawake ni nadra zaidi kwa sababu kizazi kinakaa katikati. Kizazi changu kilitolewa zamani, unakumbuka, kwa hiyo hapakuwa na kizuizi.

Akaniuliza kama utotoni tulikuwa tukioga mtoni, na kama tulikojoa damu. Nikacheka. Nikamwambia kule Kinyasini watoto wote tulikojoa damu, asiyekojoa ndiye tuliyemwona mgonjwa. Hakucheka. Aliandika tu kwamba kichocho cha zamani huenda ndicho kilichoanza, hana hakika.

Kwa umri wangu hawawezi kukata yote. Na utumbo nao umeanza kujifunga. Wanataka kunitoboa tumbo upande wa kushoto ili uchafu utokee hapo, uingie kwenye mfuko uliobandikwa kwenye ngozi, usipite tena kibofuni. Haitaniponya. Itanipunguzia adha na homa.

Sasa haja yangu. Siku yangu ikifika nitakoshwa, na atakayenikosha ataona tumbo lenye tundu na mfuko. Wakosha maiti tunasitiri kwa watu wa nje, lakini tukishakaa wenyewe kwa wenyewe na kahawa zetu tunaambizana. Nawajua, nami nimo. Sitaki tumbo langu liwe mazungumzo kwenye khitma yangu. Mtoto wa kike sina, na Shahida ni mtoto, tena ana mimba. Nataka unikoshe wewe.

Sichana


Maskati, 20 Februari 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifika, na nimelia mpaka Ummukulthum akaomba ruhusa kazini akarudi nyumbani. Sikumwonyesha. Nimemwambia ni jino. Mtoto hajambo, amesimama kwa kushika kiti.

Kubali upasuaji, dada. Nakuomba. Nimekwenda duka la dawa kubwa la hapa nikamweleza yule bwana bila kumtajia jina, na nimenunua mifuko ya aina ile, ya kutosha muda mrefu, na mkanda wa kuishikilia, na unga wa kupaka pembeni ili ngozi isichubuke. Inafunguliwa kwa chini na kumwagwa, huhitaji kuibandua kila mara. Mingine ina rangi ya ngozi, haionekani chini ya kanga. Yote nimeifunga kwenye boksi la maziwa ya mtoto, ili huko forodhani wasikupekulie aibu. Muhiddin hajui amebeba nini.

Kula vitu laini. Kunywa maji. Na chumvi ya Shahida mwache, huenda ana haki.

Mengine uliyoyaandika nimeyasoma.

Mdogo wako,
Rahila


Kikwajuni, 22 Machi 2024

Rahila,

Marahaba, na Ramadhani karimu. Mwaka huu sifungi. Daktari Marziya amenikataza, na Shahida amepewa udhuru wa mimba yake, kwa hiyo mchana tunakula uji mimi na yeye jikoni tumejificha kama wezi. Hapo ndipo aliponiambia habari ya mimba. Nikajifanya nimeshangaa.

Nimepasuliwa kabla ya mwezi kuandama. Mfuko upo. Wiki ya kwanza sikuuangalia, nilikuwa natazama dari wakati Shahida akinibadilisha. Sasa nimeuzoea kidogo. Shahida anasema unanguruma wakati wa kufuturu, watu wakiwa wamenyamaza wanakula tende. Mimi siusikii. Angalau uziwi umenifaa mara moja. Mkojo umekuwa safi kuliko mwaka mzima uliopita, na nimesali tarawehe nimekaa kwenye kiti bila ya kujifunga kitambaa. Kwa hilo namshukuru Mungu na nakushukuru wewe.

Boksi lako limefika zima. Mwanapili alikuwepo siku hiyo, amekuja kunitazama magoti yangu, akauliza kwa nini bibi mzima ananunuliwa maziwa ya mtoto. Nikamwambia ni ya kujenga mifupa. Alikwenda zake hakuamini.

Lakini, Rahila, nilikuomba mikono, umeniletea mifuko. Nimeigeuza ile barua yako mbele na nyuma. Hukuandika ndiyo, hukuandika hapana. Kama ni nauli, Anuar atatoa. Kama ni mtoto, ana mama yake. Mimi sina muda wa kungoja akue. Niandikie neno moja nijue pa kusimama.

Sichana


Maskati, 30 Aprili 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Idd yenu ilikuwaje? Sisi mvua kubwa ilitushika, mabonde yalifurika, barabara zikafungwa, hatukumtembelea mtu. Mtoto anatembea. Anaanguka anacheka.

Najua nimechelewa, na si mvua. Nimekaa na barua yako chini ya mto wangu kwa sababu sikutaka kuijibu.

Siwezi, dada.

Nimejaribu. Mwezi uliopita alifariki jirani yetu, mama wa Kibaluchi, na wanawake wakatafuta wa kusaidia kukosha. Nikasema nitakwenda, nijifunze. Nikafika mlangoni. Nikaona miguu yake tu, ilikuwa imetoka kwenye shuka, ina visigino vilivyopasuka kama vyako. Nikarudi nyumbani bila ya viatu vyangu.

Wewe umeifanya kazi hii tangu nikiwa msichana, kwako ni maji na sabuni na karafuu maiti. Mimi ukiniambia nikukoshe, unaniambia nikubali kwamba utakufa, na sijakubali. Nakasirika ukiliandika jambo hilo kama unaniagiza kitambaa. Wewe ndiye uliyenilea mama alipofariki. Ulinisuka nywele mpaka siku ya harusi yangu. Siwezi kukumwagia maji na wewe husemi kitu.

Mwachie Mwanapili. Atasema, kisha watu watachoka kusikiliza. Nisamehe.

Rahila


Kikwajuni, 27 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwandiko umeharibika, nivumilie. Masika imekatika. Anuar amepewa ruhusa kazini, anakaa nyumbani anarekebisha vitu ambavyo havijaharibika.

Nimekusamehe, tena sikuwa na la kusamehe. Sikukasirika. Nilihuzunika, basi.

Utumbo unajifunga tena, huku juu zaidi. Uji haukai. Daktari Marziya alikuja mwenyewe nyumbani siku yake ya mapumziko, akakaa chini kwenye mkeka, akaandika kwenye karatasi kwamba hospitali hakuna la zaidi, nibaki kwetu, dawa ya maumivu ataileta yeye. Halafu akaendelea kukaa. Mtoto mwema yule.

Ila nina ombi dogo. Siku yangu ikifika mpigie simu Mwanapili umwambie haya, kwa sababu mimi kinywa changu hakiwezi kumtamkia. Maiti huminywa tumbo kwanza, polepole, kitoke kilichobaki. Langu lisiminywe upande wa kushoto. Mfuko usivutwe, ulowekwe kwa maji ya vuguvugu mpaka uachie wenyewe, maana ngozi ya pale imekuwa laini kama ya mtoto mchanga, ukivuta inatoka. Tundu lizibwe kwa pamba, juu yake kitambaa kilichokunjwa, kisha lifungwe kiasi.

Najua maiti haumwi. Mimi nimewakosha wote kama watu wanaoumwa, na mimi nataka hivyo hivyo.

Mbusu mtoto.

Sichana


Kikwajuni, chumba cha uani, 14 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda chako, kwa sababu hunisikii na sitaki kupaza sauti nyumba nzima isikie. Umelala. Ukiamka utaiona karatasi hii kwenye mto. Nilifika jana kabla ya magharibi. Ulifungua macho ukanishika kidole, kisha ukalala tena, sijui kama ulinijua. Ndege zilijaa watu kwa sababu ya Idd Kubwa. Mtoto nimemwachia mama yake.

Barua yako ya Mei ilinifika wiki iliyopita. Niliposoma yale ya kumpigia Mwanapili, nilikwenda nikalitafuta jina lake kwenye simu nijaribu tu, nione kama nitaweza kuyasema siku ikifika. Nikalisoma lile la ngozi kwa sauti, peke yangu jikoni. Sikuweza kumwachia mtu mwingine maneno yale. Nikakata tiketi.

Lakini nisikudanganye, dada. Kuja nimekuja, kuweza sijui. Asubuhi Shahida amekubadilisha mfuko na tumbo lake lile kubwa, ameinama anahema, nami nimesimama mlangoni nimeshika taulo. Nimeliona tundu. Ni jekundu na dogo kuliko nilivyolifikiria. Taulo nimemkabidhi Shahida nikiwa pale pale mlangoni.

Naogopa kukuumiza. Naogopa siku hiyo nitasimama ufuoni nigande, na wewe upo pale unangoja, na Mwanapili ataniondoa kwa mkono kama mtoto. Niambie nifanye nini.

Rahila


(chini ya karatasi hiyo hiyo)

Marahaba. Nilikujua. Umenenepa, Alhamdulillahi.

Siku hiyo usiingoje. Nikoshe leo, nikiwa hai. Nivue kanga, nilaze kwenye kitanda cha kamba, anza upande wa kulia kama ninavyofanya mimi. Maji yakiwa ya moto nitakwambia. Ukifika panapouma nitakushika mkono. Mfuko uondoe wewe mwenyewe, na mimi nitakuwa nakutazama usoni. Ukilia lia, maji ni yale yale.

Siku yenyewe sitaweza kukwambia neno, lakini mikono yako itakuwa imeshanijua.

Funga mlango. Mwanapili akija, Shahida amwambie nimelala.


(na chini yake, kwa mwandiko wa Rahila)

Maji nimeshayaweka motoni, dada.